Kupeleka mabadiliko ya SAP kutoka DEV hadi PRD bila kuacha kitu njiani

Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa aina fulani: ofisa TEHAMA, au mhasibu mwenye mkono wa kompyuta, katika kampuni ya chai, mbao, kahawa au maparachichi huku Nyanda za Juu Kusini. Makao makuu na seva viko Dar es Salaam, mshauri aliyesimika mfumo alishalipwa akaondoka, na sasa umeambiwa kwamba mabadiliko yote ya upande wa Mbeya na Iringa yapitie kwako. Kama unaweza kuingia SPRO, skrini ya mipangilio ya SAP, bila hofu, yaliyobaki yanafundishika.

SAP ni mfumo wa kompyuta wa kuendeshea biashara; ninaongelea matoleo yake mawili, SAP ECC na S/4HANA, yanayokaa kwenye seva za kampuni yenyewe. S/4HANA ya wingu la pamoja ina taratibu nyingine, kwa hiyo hatua hizi usizipeleke huko.

Usingoje Juni ndipo ujifunze. Juni huku baridi imekaza, baadhi ya kampuni zinafunga mwaka tarehe 30, na Sheria ya Fedha mpya kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kila idara inakuja na ombi lake na kila moja inasema lake ndilo la haraka.

Mifumo mitatu, na klaienti ndani yake

DEV ni mahali pa kubadilishia. QAS ni mahali pa kujaribia. PRD ndiko kazi yenyewe inakofanyika: wakulima wanalipwa, mzigo unapokelewa, ankara zinatoka. Mipangilio husafiri upande mmoja tu, DEV kwenda QAS kwenda PRD, na chombo kinachoibeba ni ombi la usafirishaji, ambalo kazini kila mtu huliita transpoti.

Ndani ya kila mfumo mna klaienti moja au zaidi, yaani vyumba vinavyojitegemea kila kimoja na data yake, na kila moja ina namba ya tarakimu tatu. Tuseme DEV yako ina 100 ya kupangia na 200 ya kujaribia. Nusu ya malalamiko ya "nimebadilisha lakini hakijabadilika" huishia hapa: mtu yuko kwenye mfumo sahihi, klaienti siyo.

Mfano nitakaoutumia ni huu. Kampuni ina planti (kituo cha kazi) namba 1200 Rungwe, na inafungua ghala Makambako, pale barabara kuu ya Mbeya na Iringa inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Ghala linapewa namba MK01. Idara ya fedha nayo inataka sharti jipya la malipo kwa wakulima, W014, yaani siku 14 baada ya ankara.

Hatua ya 1: Hakikisha DEV inarekodi

Fungua SCC4 (maneno mafupi kama hili ni misimbo unayoandika SAP ili skrini ifunguke), ingia kwenye klaienti 100, tazama sehemu ya mabadiliko. Inatakiwa iwe imewekwa kurekodi kila badiliko moja kwa moja. Kama imewekwa kuruhusu mabadiliko bila kurekodi, utahifadhi, utaletewa ujumbe mzuri kwamba data imehifadhiwa, na hakuna transpoti yoyote itakayozaliwa. Utagundua siku watu wa QAS wanalitafuta ghala na hawalioni.

Ukiwa hapo, tazama na PRD. Inatakiwa iwe imefungwa isibadilishwe. Ukikuta iko wazi usifurahi. Mwambie mtu wa Basis, yaani fundi anayetunza mfumo wenyewe na seva zake, aifunge. Kitu kilichorekebishwa moja kwa moja PRD hakimo DEV, na siku transpoti ya kitu hichohicho ikitua, marekebisho yale yanafutika bila kelele.

Hatua ya 2: Badilisha, hifadhi, andika jina linaloeleweka

Ghala jipya linaongezwa kupitia OX09: chagua planti 1200, ongeza MK01, andika maelezo. Sharti la malipo linaandikwa OBB8. Ukibonyeza kuhifadhi, mfumo unauliza transpoti gani ibebe badiliko hilo. Unaweza kuunda mpya au kuchagua iliyopo.

Unda mpya. Ghala transpoti yake, sharti la malipo transpoti yake. Najua inachosha, na wapo mafundi wazoefu wanaorundika kazi ya wiki nzima kwenye transpoti moja kwa sababu ni rahisi kuisimamia. Kwangu hilo ni kosa. Idara ya fedha ikighairi W014 dakika ya mwisho, ghala lako litabaki limekwama pamoja nayo, na kuchomoa kipengele kimoja kutoka transpoti iliyokwisha kuachiwa, yaani kufungwa tayari kwa safari, haiwezekani.

Maelezo ya transpoti yana nafasi ya herufi 60. Zitumie. "MM ghala MK01 Makambako planti 1200" inamwambia mtu wa Dar kila anachohitaji. "Mabadiliko mapya" haimwambii kitu, na foleni ya Juni huwa imejaa "mabadiliko mapya" tupu.

Transpoti yenyewe itapewa namba kama DEVK900412: herufi tatu za jina la mfumo, K, halafu tarakimu sita. Namba hiyo iandike mahali, kwa maana kuanzia sasa ndilo jina lake.

Aina ziko mbili utakazokutana nazo. Ile ambayo skrini inaiita Customizing hubeba mipangilio ya klaienti moja, kama hii yetu. Workbench hubeba vitu vinavyotumiwa na klaienti zote, kama programu na miundo ya majedwali. Mfumo wenyewe ndio unaochagua kulingana na ulichogusa. Ukiombwa Workbench wakati unadhani unaongeza ghala tu, simama kwanza: unachokigusa kitaonekana klaienti zote mara moja, hata kabla ya kusafiri.

Hatua ya 3: Chungulia ndani kabla ya kuachia

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi kuliko popote.

Fungua SE10. Utaona transpoti yako, na chini yake kazi ndogo, moja kwa kila mtumiaji aliyeshiriki. Panua kazi yako hadi uone vitu vilivyomo, kisha fungua orodha ya funguo, yaani vitambulisho vya mistari ya jedwali. Kwa ghala letu utakuta jedwali T001L na ufunguo unaosomeka 1001200MK01. Ukiukata vipande: 100 ni klaienti, 1200 ni planti, MK01 ni ghala. Kama hujaona mstari huo, ghala halimo kwenye transpoti hata kama maelezo ya juu yanalitaja kwa herufi kubwa.

Sasa zingatia hili. Transpoti, hadi sasa, imebeba orodha ya funguo peke yake. Thamani zenyewe husomwa kutoka kwenye jedwali dakika ile unapoachia. Mambo matatu yanatokana na hapo.

La kwanza: ukirekodi W014 Jumatatu ikiwa siku 14, mwenzako akaibadilisha Jumatano kuwa siku 21 kwa transpoti yake, nawe ukaachia yako Alhamisi, transpoti yako itaondoka na siku 21. Mipangilio ya Customizing haifungiwi mtu mmoja. Watu wawili wanaweza kuushika ufunguo mmoja katika transpoti mbili na mfumo usiwazuie.

La pili: ukirekodi ufunguo halafu ukafuta mstari wake DEV, transpoti haitakwenda mikono mitupu. Huko inakofika, mfumo utaona ufunguo upo lakini data hakuna, utaelewa kwamba umetaka kufuta, na utafuta. Kwa hiyo "nilijaribu tu nikaondoa" inaweza kuondoa ghala linalofanya kazi PRD.

La tatu ni la kuogopa kweli. Mtu akiongeza ufunguo kwa mkono na kuandika nyota, mfano 100*, amesema "jedwali zima la klaienti hii". Wakati wa kuingizwa, mistari yote ya PRD inayolingana hufutwa kwanza, kisha ile ya DEV ndiyo huwekwa. Maghala yaliyopo PRD lakini hayapo DEV yanapotea. Ukiona nyota kwenye orodha ya funguo na hujui nani ameiweka na kwa nini, usiachie. Piga simu.

Kujua kama kuna mwingine aliyeshika kitu chako, tumia SE03, ambako kuna zana ya kutafuta kitu katika transpoti zote. Ni dakika mbili.

Hatua ya 4: Jaribu ndani ya DEV

Kabla ya kuachia unaweza kunakili mabadiliko kutoka klaienti 100 kwenda 200. Ingia kwenye 200 yenyewe, fungua SCC1 (SCC1N kwenye S/4HANA mpya), taja klaienti ya chanzo 100 na namba ya transpoti. Weka alama kwenye kisanduku cha kujumuisha kazi ndogo, la sivyo hakuna kitakachonakiliwa, maana vitu bado viko chini kwenye kazi na havijapanda juu. Kisha pokea mzigo wa mfano kwa MIGO kuingia MK01. Ukikosea bado unarekebisha ndani ya transpoti ileile.

Hatua ya 5: Achia

Kwenye SE10, achia kazi ndogo kwanza, moja moja, ndipo uachie transpoti yenyewe. Kama mwenzako hajaachia yake, ya juu haitoki, mtafute.

Ukiachia, mafaili mawili huandikwa kwenye saraka ya pamoja ya usafirishaji, ambayo kwa kawaida ni /usr/sap/trans. K900412.DEV huenda kwenye cofiles, ni kama cheti cha maelezo. R900412.DEV huenda kwenye data na ndiyo yenye mzigo. Unayajua kwa sababu siku moja mtu wa Basis atakuuliza "umenitumia yote mawili?", hasa pale mfumo mmoja haujaunganishwa na mwingine na mafaili yanapelekwa kwa mkono.

Kuanzia hapa transpoti haifunguki tena. Kosa likionekana, dawa yake ni transpoti nyingine.

Hatua ya 6: Ingiza QAS

Mahali pengi kazi hii ni ya Basis, lakini ujue wanachokifanya. Kwenye STMS fungua muhtasari wa uingizaji, chagua QAS, onyesha foleni upya. Transpoti yako itakuwa chini ya zilizotangulia kuachiwa.

Juu ya skrini kuna alama za malori. Lenye mzigo nusu huingiza transpoti uliyoichagua tu. Lililojaa pomoni huondoka na kila kilichomo kwenye foleni, zikiwemo transpoti za tawi jingine usizozijua. Malori yale yanafanana, na mkono ukiwa na baridi hauna macho. Soma dirisha la kuthibitisha, hasa namba ya klaienti inayopokea, ndipo ukubali.

Mfuatano ndio unaowaumiza wengi. Chukua W014: transpoti ya kwanza inasema siku 14, ya pili, iliyoachiwa wiki moja baadaye, inasema 21. Fedha wana haraka, ya pili inapitishwa peke yake PRD. Siku chache baadaye mtu anaikuta ya kwanza imebaki kwenye foleni, anaiingiza ili kusafisha. PRD imerudi siku 14, na hakuna ujumbe wa kosa popote. Ndiyo maana ukiingiza transpoti moja moja, usiiondoe ile alama inayosema ibaki kwenye foleni kwa ajili ya kuingizwa tena baadaye: foleni nzima itakapopita itapita kwa mpangilio wake, na ya mwisho ndiyo itakayobaki juu.

Baada ya kuingiza, soma namba ya matokeo. 0 ni salama. 4 ni onyo. Lisome, mara nyingi unaweza kuendelea. 8 ni kosa, kuna kitu hakijaingia. 12 au zaidi, uingizaji wenyewe umevunjika na hiyo ni kazi ya Basis. Nimeona watu wakiiona 8 na kusema "lakini imeingia". Imeingia nusu, ndugu yangu, na hujui nusu ipi.

Umeme au mtandao ukikatika Mafinga katikati ya uingizaji usihangaike: kazi inaendeshwa na seva kule iliko, siyo kompyuta yako. Ukirudi hewani fungua kumbukumbu zake usome. Ukikatika wakati wewe mwenyewe unahariri DEV ni tofauti. Ulichokwisha hifadhi kipo, ambacho hujahifadhi kimekwenda, na kufuli lako la zamani linaweza kuendelea kukuzuia hadi liondolewe SM12.

Kisha mpe mtumiaji mwenyewe ajaribu, na ajaribu kwa kufanya kazi kamili. Kuangalia kama jina lipo kwenye orodha hakutoshi. Simu ya kawaida huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ghala nimeliona, ila parachichi nikiliita linasema halipo Makambako."

Mama yuko sahihi na transpoti yako pia iko sahihi. Hilo linatuleta kwenye jambo linalofuata.

Visivyosafiri

Data kuu haisafiri kwa transpoti za mipangilio. Bidhaa, wauzaji na wateja wanaundwa katika kila mfumo. MK01 imefika, lakini bidhaa inabidi ifunguliwe kwenye ghala hilo, kwa MMSC kwa mfano, au kwa mapokezi ya kwanza kama mfumo umeruhusiwa kuifungua wenyewe.

Namba za mfuatano za nyaraka hazirekodiwi moja kwa moja. Ukihifadhi, mfumo unakuambia hivyo kwa ujumbe ambao watu hubonyeza uondoke bila kuusoma. Unaweza kuzisafirisha kwa kulazimisha, lakini zinaondoka pamoja na namba zilipofikia DEV, na PRD ikirudishwa nyuma itaanza kugongana na nyaraka zilizokwisha tolewa. Ziandike kwa mkono PRD, kwa ruhusa, mtu wa pili akiangalia.

Viwango vya kubadilisha fedha, OB08, na kufungua au kufunga vipindi vya kuandikia, OB52, ni mambo ya kila siku au kila mwezi. Kwa kawaida huachwa yafanyike PRD yenyewe. Usijitwishe kuyatoa DEV.

Majukumu ya watumiaji yana kitufe chao cha usafirishaji ndani ya PFCG. Akaunti za watu hubaki zilipo.

Kodi inahitaji maneno zaidi kwa sababu inakuja na Julai. Msimbo wa kodi unatengenezwa FTXP, tuseme VAT ya mauzo ya asilimia 18. Asilimia yenyewe haikai mahali pamoja na jina la msimbo; imehifadhiwa kama rekodi ya sharti la bei, na rekodi hizo hazifuati transpoti ya kawaida. Matokeo yake msimbo unaweza kuonekana PRD, jina limenyooka, na kiwango hakuna. Mhasibu anaandika ankara, kodi inatoka sifuri. Ndani ya FTXP kuna menyu yake ya kusafirisha, tumia hiyo. Ikishatua, fungua FTXP upande wa pili uone asilimia kwa macho yako, pamoja na akaunti ya leja inayopokea kodi hiyo. Usikubali mtu akwambie "imeingia kwa 0".

Hatua ya 7: PRD

Transpoti iliyoingia QAS huingia yenyewe kwenye foleni ya PRD. Usiiguse mpaka mwenye kazi aandike kwamba amejaribu na ameridhika. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kama kampuni haina utaratibu mwingine, ila uhifadhi pamoja na namba ya transpoti.

Chagua saa ambayo ghala halipokei mzigo na fedha hawaendeshi malipo. Msimu wa mavuno hiyo maana yake ni usiku, na uwe umekubaliana na msimamizi wa zamu kwa sababu atakuwepo. Ingiza, soma namba ya matokeo, kisha linganisha. SCU0 inalinganisha mipangilio ya mifumo miwili kama imeunganishwa: weka T001L, chagua DEV na PRD, na tofauti zitajitokeza mstari kwa mstari. Tofauti nyingine utakazokuta hazitakuwa zako. Ziandike, zina wenyewe.

Kama kilichotua kina kosa, rekebisha DEV, rekodi kwenye transpoti mpya, pitisha njia ileile hata kama ni herufi moja. Unapohitaji kupeleka tena mstari uliokwisha hifadhiwa bila kuubadilisha, rudi kwenye skrini ya mipangilio, fungua menyu ya usafirishaji iliyo juu ya jedwali, chagua mstari na uujumuishe kwenye transpoti mpya.

Ikikwama

Uingizaji ukiganda muda mrefu bila kosa wala mafanikio, fungua SM37 na utafute kazi inayoitwa RDDIMPDP. Ndiyo inayoshughulikia sehemu kubwa ya uingizaji upande wa pili, na kama haijapangwa au imefutwa kwenye klaienti, transpoti itasubiri hadi kesho. Kuirudisha siyo kazi yako. Mtumie mtu wa Basis namba ya transpoti, mfumo na klaienti inayopokea, saa uliyoanza, hatua ya mwisho iliyoandikwa kwenye kumbukumbu, na picha ya skrini ya SM37. Usibonyeze kuingiza mara ya pili wakati unamsubiri.